Sharti Moja kwa Kogo

Nilikuwa mkalimani wa kanisa letu kwa miaka mitatu, na nilikuwa mkalimani mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, maana ndiyo kazi pekee niliyowahi kusifiwa hata na watu wasionipenda. Mchungaji wetu alitoka nyanda za juu za magharibi na hakujua Kikipsigis, lugha yetu, zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Alihubiri kwa Kiswahili, nami nikasimama kushoto kwake nikiyageuza maneno yake kabla hayajapoa. Akiinua mkono, nainua. Akinong'ona, nanong'ona. Siku moja alipiga chafya, na akina mama wa viti vya mbele wakageuka kunitazama wakingoja yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kanisa lilikuwa la mabati, juu kidogo ya barabara ya kwenda Ndanai, na mashamba ya chai yalianzia pale pale chini ya dirisha. Ibada ikirefuka hadi mvua ya mchana, hakuna aliyesikika, mchungaji wala mimi. Tuliketi tukatazamana hadi mabati yatulie. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nafundisha shule ya msingi bila cheti, na nimeokoka kwa kishindo. Nilikuwa nimebatizwa shule ya bweni, mbali na nyumbani, ambako hakuna aliyeniuliza nimetoka nyumba ya namna gani.

Nyumbani tulikuwa watatu: Kogo, mama, na mimi. Kogo kwa lugha yetu ni nyanya, mama wa mzazi wako, na hivyo ndivyo nilivyomwita. Lakini hakuwa mama wa mzazi wangu. Alikuwa baba yangu.

Najua jambo hili linahitaji kuelezwa, kwa hivyo nitalieleza mara moja. Kogo aliolewa akiwa msichana, hakujaliwa mtoto, na mume wake akafa. Kwetu, mwanamke wa namna hiyo hakuachwa hivi hivi nyumba yake ife. Desturi ilimruhusu aoe. Alichukua wazee wa ukoo wa mumewe, akaenda kwa watu wa mama yangu, akaposa, akatoa ng'ombe sita, akamleta mama nyumbani kama mume anavyomleta mke. Hawakulala pamoja, hilo halikuwamo katika jambo lenyewe, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Mwanamume wa ukoo, aliyekubaliwa kimyakimya, alikuja akaenda zake, na mimi niliyezaliwa nikawa mtoto wa Kogo. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Aliponipeleka darasa la kwanza, mwalimu alimwuliza baba wa mtoto yuko wapi. Kogo, amejifunga leso yake kiunoni na fimbo mkononi, akajibu, "Unaongea naye."

Yule mwanamume mwingine aliishi ng'ambo ya mto. Nilimsalimia njiani kama nilivyowasalimia watu wote, naye akaitikia kama alivyowaitikia watu wote, tukapitana.

Kogo alianza kuja kanisani kunisikia mimi, si kumsikia Mungu. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, na nikikosea neno la lugha yetu aliguna kwa sauti. Kisha siku moja mchungaji akahubiri ule mfano wa baba mwenye wana wawili, yule mdogo aliyechukua urithi wake akaenda kuuchezea nchi ya mbali. Nadhani siku hiyo nilikalimani vizuri kuliko siku zote. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, baada ya kuvuka kijito, Kogo akanigeukia.

"Yule baba alipomwona mtoto wake kwa mbali," akaniuliza, "alimwuliza nini kwanza?"

"Hakumwuliza kitu, Kogo. Alimkimbilia."

"Hakumwuliza mali imeenda wapi?"

"Hapana."

"Na yule mtoto alikuwa amejitayarishia maneno."

"Alikuwa nayo. Lakini baba hakungoja ayamalize."

Kogo akatembea tena kidogo, fimbo yake ikizama kwenye matope. "Huyo baba ninamjua," akasema.

Juma lililofuata akaomba kubatizwa. Hakujua kusoma, kwa hivyo mafundisho ya darasa la ubatizo aliyakariri akichuma chai, fundisho moja kwa kila mstari, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na akifika mwisho wa mstari alilisema kwa sauti ndipo aanze mwingine. Mama, aliyekuwa akichuma mstari wa pili, aliishia kuyajua yote bila kutaka. Mama hakuwa mtu wa kanisa. Aliniambia kwamba Mungu akimhitaji, njia ya kufika kwetu haina kona nyingi.

Siku ya mtihani Kogo aliitwa kwenye chumba kidogo kilichokuwa ofisi ya kanisa. Walikuwamo mchungaji na wazee watatu wa kanisa, nami nimesimama katikati kukalimani. Kogo alijibu kila swali. Alijibu vizuri hata mzee mmoja akatabasamu. Kisha mchungaji akafunga daftari lake. Zamani alikuwa nyapara katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na bado alikuwa na ile tabia ya kumwaga kikapu chote mezani kabla ya kukubali hata jani moja. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana kuna miaka nilipotaka awe mbaya, na ingenifaa sana.

"Mama," akasema, "sisi tunakupenda sana. Na msamaha ya Mungu ni ya bure, hakuna mtu anaweza kununua. Lakini mtu akiwa ameshika kitu kwa mkono, atapokea na nini? Lazima aachilie kwanza. Hii ndoa yako na huyu mama wa kijana, Mungu haitambui. Umrudishe kwao, ama aolewe na bwana hapa kanisani. Na wewe usimame mbele ya watu useme ilikuwa dhambi. Siku hiyo hiyo nitakubatiza. Ni hiyo tu."

Naona aibu kuandika kwamba sikusita. Nilikalimani neno kwa neno, kwa Kikipsigis safi, hata kuinua mkono pale alipoinua.

Kogo hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi. "Hayo amesema yeye, au umesema wewe?"

"Amesema yeye," nikajibu. "Na mimi nakubaliana naye." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongeza neno langu mwenyewe nikiwa kazini.

"Nimrudishe mama yako kwao."

"Ndiyo, Kogo."

"Na wewe nikurudishe wapi?"

Wazee wa kanisa wakainamisha vichwa, maana wote watatu walikuwa Wakipsigis na walielewa. Mchungaji akaniuliza amesema nini, nami nikamwambia anaomba muda wa kufikiri. Kwa hivyo siku ile niliongeza neno na pia nikameza neno. Kogo akachukua fimbo yake akatoka.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kosa dogo. Lakini nilikuwa kijana mwenye moto, na nilimfuata. Nilimkuta mchana shambani, yeye na mama wamejitwika vikapu mgongoni, wanachuma kabla ya mvua. Katika shamba la jirani akina mama wanne au watano walikuwa wakichuma pia, karibu kiasi cha kusikia. Nikaanza kumweleza Kogo habari za toba. Nikamwambia anakaribia kuukosa uzima kwa ajili ya desturi ya watu waliokufa bila nuru. Nikamwambia kutubu si kuona uchungu tu, ni kuacha. Hakujibu. Kimya chake kilinipandisha hasira, nikapaza sauti.

"Wewe si baba yangu! Baba yangu yuko mbinguni, na yule mwingine yuko ng'ambo ya mto. Wewe ni mwanamke aliyenunua mwanamke mwenzake. Hiyo ndiyo dhambi, na mimi sitaki kuhesabiwa ndani yake!"

Katika shamba la jirani mikono ilisimama. Mama akatua kikapu chake chini polepole, akanitazama, na sikuweza kumtazama tena. Kogo aliendelea kuchuma. Lakini mkono wake ulikosea. Uling'oa tawi zima lenye majani magumu yaliyokomaa, majani ambayo karani wa kituo cha kununulia chai huyatupa nje bila kuyapima. Kogo alikuwa amechuma chai kwa miaka mingi kuliko umri wangu na sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akalitazama lile tawi mkononi mwake, akalitupa chini, akahamia kichaka kingine.

Kesho yake niliondoka. Nilipata nafasi ya kufundisha shule moja upande wa Mulot, ambako chai imeisha, nchi imekauka, na kuna mahindi na ngano na mifugo inayovuka barabara ya Narok bila haraka. Nilipanga chumba. Niliwasimulia waumini wa huko jinsi nilivyoacha nyumba kwa ajili ya Bwana, wakaniombea, nikajiona nimefika. Hali hiyo ilidumu kama majuma matatu.

Kilichonivunja kilikuwa karatasi. Nilipata fomu ya kuomba nafasi katika chuo cha ualimu, nikaketi nayo kwenye dawati darasani baada ya masomo. Jina kamili, nikaandika. Wilaya, nikaandika. Kisha ikaniuliza jina la baba. Hapo awali sikuwahi kufikiri. Kila fomu maishani mwangu niliijaza jina la nyumba ya Kogo, maana jina langu lenyewe lilitoka humo. Sasa kalamu ikasimama. Yule wa ng'ambo ya mto hakuwahi kunipa hata kalamu. Wa mbinguni, waliotengeneza fomu hawakumwekea nafasi. Nikiandika jina la Kogo, nimekubali kwamba nilisema uongo siku ile shambani. Nikiacha wazi, mimi ni nani? Nilikaa pale hadi mwalimu mkuu akaja kufunga madirisha, na machozi yakanitoka mbele yake, mimi mtu mzima.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Njia nzima nilitayarisha maneno. Ndiyo, nilijua. Nilijua ninatembea ndani ya ule mfano nilioukalimani mwenyewe, na jambo hilo liliniudhi, kwa sababu niliuhubiri kwa ajili ya watu wengine. Hata hivyo nilitengeneza hotuba ya sehemu tatu, kama mahubiri.

Kogo ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amesimama ukingoni mwa chai. Hakukimbia, nyonga yake haikumruhusu kukimbia tangu nikiwa mtoto. Alipiga kelele.

"Umekonda! Huko wanakula mchanga?"

Nilipofika karibu nikaanza, "Kogo, nimekuja kusema kwamba siku ile—"

"Subiri." Akaingia nyumbani kwake, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyoganda yenye ladha ya majivu, akakitikisa, akanipa. "Kunywa kwanza."

Nikanywa. Nikafuta mdomo. "Kogo, siku ile shambani nilisema—"

"Mvua inakuja," akasema. "Chukua kikapu, mstari wa juu haujaguswa."

Nilichukua kikapu. Jioni nilijaribu tena na akaniuliza bei ya ngano huko Mulot. Ile hotuba sijaimaliza mpaka leo.

Lakini mama alikuwa kitu kingine. Siku nzima hakuitikia salamu yangu. Jumapili jioni, nilipokuwa najiandaa kurudi Mulot, alinikuta nikifunga mfuko, akasimama mlangoni.

"Kogo amekusamehe," akasema. "Mimi bado."

"Nifanye nini, mama?"

"Ulisema mbele ya watu. Utayarudisha mbele ya watu."

"Niseme nini?"

"Wewe ndiye mkalimani. Tafuta maneno."

Nikamwambia nitasema, anipe muda kidogo. Akaniuliza kama siku ile shambani nilihitaji muda. Akaondoka.

Kwa hivyo katika boma moja nilikuwa na misamaha miwili, mmoja umeshatolewa na mwingine unanisubiri. Nimefikiri juu yake miaka yote hii. Wa Kogo ulinipa nafuu mara moja, na kwa sababu ulinipa nafuu nikawa mvivu. Wa mama ndio ulionisumbua. Kila mwisho wa wiki nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba Jumapili hii nitasimama kanisani niseme, na kila Jumapili nilisimama kushoto kwa mchungaji nikasema maneno yake, si yangu. Nilikuwa mwoga. Nilijua vizuri mchungaji angeelewaje nikisimama kumwita mwanamke baba. Kogo aliendelea kuketi benchi la mwisho, hajabatizwa, na wakati wa Meza ya Bwana alitoka nje akasimama na wasioshiriki, akiegemea fimbo, akitazama chai.

Mwaka uliofuata kifua kilimwangusha. Tulimpeleka hospitali ya misheni huko Kaplong, wakamtunza vizuri, lakini baada ya juma moja akaomba kurudi nyumbani, na daktari alipotuita pembeni mimi na mama tulielewa kwa nini wamekubali. Akiwa amelala nyumbani kwake, mto umeinuliwa ili apumue, akaniambia nimwite mchungaji.

Mchungaji alikuja siku hiyo hiyo mchana, kwa miguu, viatu vya mvua vimejaa matope hadi magotini. Aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda na kofia yake mkononi. Mimi nikasimama kati yao kama zamani. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia.

"Mama, bado unataka ubatizo?"

"Nataka. Sijaacha kutaka."

"Unatubu dhambi zako zote?"

Kogo akafumba macho akaanza kuzitaja. Hasira yake. Kuku wa jirani aliyemchinja akijua si wake, miaka mingi iliyopita. Wivu kwa wanawake waliozaa. "Na mwaka wa kwanza nilipomleta mama wa huyu," akasema, "nilimpiga fimbo mara moja kwa sababu ya kibuyu kilichovunjika. Alikuwa msichana tu, mgeni hapa. Hilo limeniuma kuliko yote. Ninalitubu." Nikakalimani. Jikoni, sufuria iliacha kugonga.

"Na kumleta kwenyewe?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Hapana. Kumleta sitatubu. Nikitubu nitakuwa ninadanganya, nawe utakuwa umebatiza uongo."

Safari hii sikumeza neno. Nikalisema lote. Mchungaji akaigeuza kofia yake mkononi, akaigeuza tena.

"Mwambie mimi nataka sana kumbatiza," akaniambia. "Mwambie si mimi nimeweka hiyo sharti."

Kogo akasikiliza. "Muulize, basi ni nani aliyeliweka? Yule baba aliyemkimbilia mtoto wake barabarani?"

Nilimwona mchungaji akielewa kabla sijamaliza, maana alikumbuka mahubiri yake. Macho yake yalilowa. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba akilegeza hapa, mtu mwingine kesho atapotea kwa sababu yake, na sidhani alilala vizuri kwa ajili ya imani hiyo. "Mwambie hiyo sijui kujibu," akasema. "Mwambie nitamwombea. Lakini siwezi."

"Mwambie asante kwa kutembea kwenye matope," Kogo akasema.

Mama akamletea mchungaji chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote akiwa amesimama, akashukuru, akaenda.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Hasira yote ya maisha yangu ilinipanda, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. "Kogo, sema tu!" nikamwambia. "Sema lile neno moja. Nitamkimbilia hapo njiani nimrudishe. Mama hataenda popote, hakuna atakayemtoa hapa. Mungu ataelewa."

Akacheka hadi kikohozi kikamshika, nikamwinua, nikampa maji.

"Mwaka ule ulitaka nitubu kwa nguvu," akasema alipopata pumzi. "Sasa unataka nimdanganye Mungu wako. Weri, wewe hujui kukaa katikati." Weri ni kijana, mtoto wa kiume; Kogo hakuwahi kuniita kwa jina. Akanishika kifundo cha mkono. "Nilipotoa ng'ombe sita, wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Ulikuwa umenifanyia jema gani?"

"Hakuna, Kogo."

"Ulikuwa umenikosea?"

"Bado."

"Lakini ng'ombe walishatoka. Nilitoka nao asubuhi, nikawaswaga mwenyewe hadi kwa watu wa mama yako, kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Sikujua atakuwa mzuri au mpumbavu." Akapumzika. "Uliponipigia kelele shambani nilisikia, mimi si kiziwi. Iliniuma sana. Lakini ng'ombe walikuwa wametoka zamani. Ningewarudisha vipi?"

Akanivuta karibu zaidi.

"Mimi ni mwanamke mzee, sijui kusoma. Kama mimi nimeweza hivyo, huyo Mungu wako atashindwa?"

Alifariki siku ya nne, asubuhi, mama akiwa amemshika mgongoni na mimi nikiwa nimekwenda kupeleka majani kituoni. Niliporudi mama alikuwa ameshamfunika.

Wazee wa kanisa walikuja kutupa pole, wakatueleza kwa heshima kwamba kwa kuwa marehemu hakubatizwa, kanisa halingeweza kuongoza mazishi. Kwaya haikuja. Mzee wa kijiji ndiye aliyesimamia. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wakiwamo wale akina mama wa shamba la jirani, wamekaa pamoja kwenye nyasi, leso zimefunika mabega. Jeneza liliposhushwa nikamwona mchungaji akija kupitia kwenye chai, bila koti lake la ibada, bila kitabu, amebeba jembe begani. Akasimama na wanaume waliongoja kufukia.

Mzee wa kijiji alimwona akamwomba aseme mawili matatu kama jirani. Mchungaji akasita. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikisimama hapo, niseme huyu ni nani yako? Niseme nyanya?"

Ng'ambo ya kaburi mama alikuwa amesimama, mikono ameifumbata. Hakunitazama. Alikuwa akilitazama jeneza.

"Sema ni baba yangu," nikamwambia mchungaji. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na watu wakageuka. Basi nikawageukia nao, nikasema kwa lugha yetu, pale pale, bila kutayarisha. Nikasema huyu ni baba yangu. Nikasema siku moja kwenye shamba lile nililisema neno baya kwamba si baba yangu, na wako hapa waliosikia, na nilikosa. Nikasema alinitolea ng'ombe kabla sijazaliwa, na kila nilichokula tangu siku hiyo ni cha mkono wake. Nikasema nimechelewa kusema.

Mama mmoja wa shamba la jirani alitikisa kichwa, akakubali.

Mchungaji akasogea ukingoni mwa kaburi. Akautazama udongo. Mimi nilijua anachopima, na nilijua wazee wake watatu wanamsikiliza.

"Leo," akasema, "tunazika baba ya huyu kijana."

Akanitazama, akingoja. Miaka mitatu hakuwahi kusubiri zaidi ya pumzi moja. Nikafungua mdomo kukalimani na hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena.

Ndipo sauti ya mama ikasikika kutoka ng'ambo ya pili. Mama, ambaye hakuwahi kukaa hata mara moja kwenye benchi la kanisa lile, na Kiswahili chake chote alikipata kwa kubishana na karani wa majani, aliyageuza maneno yale kwa Kikipsigis, polepole, hakuongeza wala kupunguza. Leo tunamzika baba wa huyu kijana.

Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tupa udongo," akaniambia. "Wewe ndiye mtoto. Watu wanakungoja."